Utelezi wa Mapipa ya Bu Tumirah

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuishi rasmi kwa mama mkwe. Sijui kipi kitanichosha mapema.

Niandike kilichonileta kabla hasira hazijapoa. Jana jioni kulikuwa na mkutano wa mtaa nyumbani kwa Pak Wiharto, mwenyekiti wetu. Jirani wa upande wa chini, Pak Ngadiman, alikuja na beseni, akalitua katikati ya mkeka pale pale penye sahani za ndizi za kukaanga, akalifunua. Kambare waliokufa, matumbo juu. "Ushahidi wangu huu," akasema. "Wamekunywa maji ya tofu ya Bu Tumirah." Watu wakaziba pua. Bu Tumirah ndiye mama mkwe wangu. Alilitazama lile beseni kana kwamba limemtukana.

Kunuka yananuka, nisiseme uongo. Maziwa ya soya yakishagandishwa kuwa tofu, yanabaki maji machachu ya manjano, ndoo kwa ndoo, kila siku ya Mungu. Tangu enzi za marehemu baba mkwe yanamwagwa mtaroni, na mtaro unaishia kwenye bwawa la Pak Ngadiman. Sasa kaziba mlango wa bwawa kwa ubao na hataki kusikia habari zetu. Uamuzi wa mkutano ni kwamba karakana yetu ya tofu ina muda mpaka kabla ya mwezi wa kufunga. Muda ukikaribia kwisha, mtaa mzima utakuja kunusa. Yakinuka, jiko la tofu linazimwa moja kwa moja. Na Bu Tumirah, aliyepika tofu tangu usichana wake, atakaa kitako atazame kuta.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nikasema, "Mimi naweza kuyasafisha." Chuoni kazi yangu ndiyo hiyo, kulea vijidudu juu ya elektrodi, vipande vya kupitishia umeme. Watu wote wakanigeukia, na mama mkwe naye akanigeukia, nadhani kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mume wangu Seto yuko migodini Kalimantan. Angekuwepo angenifinya paja.

Jumamosi, 9 Novemba

Mapipa ya bluu yamekaa nyuma ya karakana, moja linamwagikia jingine. Ndani ya kila pipa nimening'iniza vitambaa vinene vyeusi vya kaboni, na waya zinatoka nje kwenda kwenye taa ndogo. Mama mkwe alikuwa kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hayo matambara ni ya nini, Mbak?" Ananiita Mbak, yaani dada, kama anavyomwita msichana wa kuuza vocha.

"Ni makazi, Bu. Vijidudu vitakaa juu yake."

"Vijidudu. Kwenye nyumba ya chakula."

"Nyuma ya nyumba ya chakula, Bu. Vinakula huo uchachu. Vina vimeng'enya ndani yake vinavyovunjavunja uchafu, na uchafu ukivunjika unatoka umeme. Vyenyewe havina pa kuuweka, vinakikabidhi kitambaa, kitambaa kinaupitisha kwenye waya, taa inawaka."

"Na mshahara wao?"

"Chakula tu."

"Afadhali hao kuliko Parni."

Parni, anayemsaidia kukamua soya, alicheka mpaka akaachia kitambaa cha kuchujia. Mama mkwe hakucheka.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua. Nimekula tofu asubuhi, mchana na jioni.

Jumatatu, 18 Novemba

Taa imelala fofofo. Mama mkwe ameniuliza kama vijidudu vyangu vimekwenda mazishini.

Jumatano, 27 Novemba

Imewaka!

Alasiri, mvua ikinyesha, nimechutama kati ya mapipa na mwavuli umenigeuka, nikaona ile taa nyekundu inafumba na kufumbua, halafu ikatulia. Nilipiga kelele. Parni akaja mbio akidhani nimeng'atwa na nyoka. Nikatumbukiza mkono kwenye pipa la kwanza, nikapapasa kitambaa, na utelezi ulikuwepo, mnene, mweusi, laini. Wametulia, wamejenga. Utelezi ule ndio kazi yote. Bila huo, kaboni ni tambara tu na umeme hautoki.

Alhamdulillahi. Nimeliandika neno hili nikajiona mtoto, lakini ndivyo ninavyojisikia.

Mama mkwe alikuja na kofia yake ya nailoni, akaitazama taa. "Kwa taa hiyo hata kunguni haoni njia," akasema, akarudi ndani.

Alhamisi, 12 Desemba

Kila siku ni vile vile. Anaamka kabla ya adhana, anasaga, anachemsha, anagandisha. Mimi nasubiri maji yapoe ndipo niyamimine, maana yakienda ya moto nitawapika vijidudu. Kila alasiri anachemsha vitambaa vyake vya kuchujia, anavifua, anavianika kamba nzima, vyeupe mpaka vinaumiza macho. "Kikibaki na utelezi kidogo tu, tofu ya kesho imechacha," anamwambia Parni, na Parni anaitikia "Nggih, Bu," kama hajawahi kuambiwa.

Chakula ananiwekea mezani chini ya kawa, yeye anakula jikoni. Mwaka huu ukiisha bila ya sisi kula sahani moja, basi, nitazoea.

Jumatatu, 30 Desemba

Mvua. Harufu mtaroni imepungua, au pua yangu imekufa.

Jumamosi, 11 Januari

Mto umefurika. Maji ya mvua yaliingia mapipani, yakafurika, yakabeba utelezi mwingi na kushuka nao mtaroni. Taa ikafifia. Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya magoti nikihangaika na magunia ya mchanga, Pak Ngadiman akaniita toka ng'ambo ya mtaro.

"Wee Bu Doktor! Vijidudu vyako vinakuja kwangu vinaogelea!"

"Vipokee, Pak! Ni wageni!"

"Wageni gani hawabishi hodi!"

Nikabeba gunia jingine. Ni mtu wa ajabu huyu. Anapiga kelele mvuani kutwa, lakini hakuondoka mpaka alipoona gunia la mwisho limekaa.

Usiku nilikuta chai ya tangawizi mezani chini ya kawa. Hakuna aliyesema ni ya nani.

Jumatatu, 20 Januari

Taa imerudi. Nimepeleka maji ya pipa la mwisho chuoni kuyapima, na uchafu mwingi umeliwa njiani, sehemu kubwa kabisa. Profesa wangu aliniambia kwenye simu, "Usiguse kitu."

Siwezi kueleza furaha hii. Nilimwambia mama mkwe, naye akauliza, "Kwa hiyo yatapita?"

"Yatapita, Bu, tukiyaacha hivi hivi."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukata tofu. Lakini kisu kilikuwa kinakwenda haraka kuliko siku zote.

Jumapili, 2 Februari

Mwezi wa Ruwah umeingia, Shaabani yetu. Mtaa mzima unafagia, unapaka chokaa, unakwenda makaburini. Mkutano wa kunusa umepangwa Jumapili ya tarehe 23.

Ijumaa, 14 Februari

Hasira hazijanitoka, mwandiko wenyewe unaonyesha.

Nilikwenda mjini alfajiri na chupa za maji. Nimerudi adhuhuri, jua kali, siku ya kwanza ya jua baada ya wiki nzima. Nikapita nyuma ya nyumba. Kwenye kamba, baada ya vitambaa vyeupe vya tofu, vilifuata vitambaa vyangu vya kaboni. Vyote. Vimebanwa kwa vibanio, vinachuruzika, vinanukia sabuni ya limau. Nilivishika. Vilikuwa safi kuliko siku vilipotoka dukani. Taa ilikuwa imezimika.

"Nani?" nikasema. Sauti haikuwa yangu.

Mama mkwe alitoka akifuta mikono kwenye aproni, uso unang'aa. Sijawahi kumwona na uso ule. "Mimi! Nimeviamkia mapema. Vilikuwa vinatia kinyaa, Mbak, utelezi mweusi kama kamasi. Nikavichemsha, nikavifua kwa sabuni mara mbili. Mapipa nayo nimeyasugua. Ona!"

"Umewaua."

"Nani?"

"Bu, umewaua wote! Ule utelezi ndio wenyewe! Ndio waliokuwa wanasafisha maji! Nimewalea tangu Novemba, nimewalinda na mafuriko, na wewe umewachemsha kama soksi!"

Nilisema na mengine, ambayo sitayaandika. Nilisema kuhusu karakana, kuhusu ukaidi wake, na nikasema kwamba Pak Ngadiman alikuwa na haki. Parni akajificha nyuma ya pipa la soya. Ule mng'ao ulimtoka mama mkwe usoni taratibu. Aliinama akaweka kikapu cha vibanio chini, pole pole, kama kina mayai ndani, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Jumamosi, 15 Februari

Jiko halijawashwa. Nimeamka na kimya, na kimya katika nyumba hii kinatisha. Hakuna kinu, hakuna moshi, wateja wa tofu wamekuja na vyombo vyao wakarudi navyo vitupu.

Parni alikuja saa moja, akakaa kizingitini, akaanza kunieleza bila ya kunitazama.

"Jana alikataa nisimsaidie, Mbak Rukmi. Alivifua peke yake. Alisema, 'Mwezi huu watu wanasafisha hata makaburi ya wafu wao, sembuse nyumba ya vijidudu vya mkwe wangu. Mtaa mzima unakuja kuona kazi yake. Sitaki mtu aseme mkwe wa Tumirah ni mchafu.'"

"Alisema hivyo?"

"Na alikuwa anaimba. Mimi nilidhani ana homa."

Nilikaa juu ya gunia la soya nikalia. Huyu mama maisha yake yote amejua jambo moja, kwamba utelezi ni adui, na ukimpenda mtu unamfulia. Kanifulia. Nikamfokea mbele ya msaidizi wake. Na mimi, miezi yote hii, sikuwahi kumshika mkono nikautia kwenye pipa aupapase ule utelezi, nikamwambia, Bu, hawa ndio wao. Nilimtupia maneno ya chuoni nikadhani nimeeleza.

Nilibisha mlango wake. "Bu, nisamehe. Nimekukosea adabu."

Kitanda kikalia. Halafu, toka ndani: "Karakana nimeifunga mwenyewe. Kamwambie Wiharto asisumbuke kuja."

Jumapili, 16 Februari

Vijidudu havizaliwi kwa maombi. Kuanza upya na matope ya kawaida kungechukua majuma, na majuma hatuna. Nahitaji vile vile vilivyokwisha kuzoea maji yetu. Leo alfajiri, nikisikiliza mvua, nikakumbuka kule mafuriko yalikovipeleka. Vimeshuka mtaroni, vimefika kwenye ubao wa Pak Ngadiman, vimekwama. Wapo pale, kwenye tope lake, wanakula maji yetu kimya kimya.

Nikaenda kwa mtu aliyetushtaki, na ndoo mkononi.

"Pak, naomba tope."

Alikuwa anakunywa kahawa na mdomo umejaa tofu ya kukaanga. "Tope? Watu wanaomba moto, wanaomba chumvi. Wewe umekuja kuniomba tope?"

Nikamweleza yote, kufua na kuchemsha. Nilitaka kusema mvua ndiyo iliyoharibu, nimfichie mama mkwe aibu, lakini ningeelezaje harufu ya limau? Nikaomba tu asimwambie mtu. Alicheka mpaka kahawa ikampalia. Halafu akaacha kucheka.

"Kwa hiyo unataka nikupe silaha ya kunishinda."

"Ndiyo, Pak."

"Sikia. Mimi sina ugomvi na Tumirah. Nina ugomvi na maji yake. Hii tofu ni ya juzi, imekuwa kama kandambili, na leo hakuna nyingine. Akifunga, nani atanipikia? Wewe?" Akanipokonya ndoo, akavua viatu, akaingia mtaroni mwenyewe. Alichota tope jeusi la chini kabisa, la pale ubaoni, ndoo baada ya ndoo. Nilimshukuru mpaka akaniambia ninyamaze.

"Na hawa wanakula nini?" akauliza.

"Maji ya tofu. Lakini mpishi amegoma."

Akatoka mtaroni. Akanyanyua ndoo mbili, akapita uani kwetu, moja kwa moja mpaka dirisha la mama mkwe, akapaza sauti.

"Tumirah! Vijidudu vyako nimekurudishia! Wana njaa! Utalaza wageni na njaa, wewe, mtoto wa mzee wetu Mbah Karso?"

Akainua ndoo moja juu.

"Basi nawamwaga!"

Dirisha likafunguka. "Ngadiman, ukimwaga hilo tope kwenye ua wangu nitakung'oa meno yaliyobaki."

Saa moja baadaye niliona moshi. Sijawahi kuona moshi mzuri namna ile.

Jumatatu, 17 Februari

Nilivisuuza vitambaa mpaka sabuni ikaisha, nikavipaka tope, nikavirudisha. Mama mkwe alileta maji machachu mwenyewe.

"Wanapenda ya moto au ya baridi?"

"Vuguvugu, Bu. Kama ya kumwogeshea mtoto."

Nikamwomba mkono. Alisita, akanipa. Nikautia ndani ya pipa, tukapapasa kitambaa pamoja. "Ukisikia kinateleza, Bu, ujue wapo. Sasa hakitelezi."

"Nilisikia," akasema. "Siku ile. Nilisikia kinateleza nikasugua zaidi." Mkono haukutoka pipani. "Nisamehe, Nduk."

Nduk ndivyo mama anavyomwita binti yake. Nilimwambia yaliyopita yamepita, nikakimbilia chooni kulia. Usiku tulikula jikoni sote, sahani magotini. Sambali yake ya pilipili imenichoma mpaka masikio, na nikaongeza.

Jumatano, 19 Februari

Taa bado imezimika. Mvua. Amenyanyua kifuniko cha pipa kila alipopita.

Alhamisi, 20 Februari

Kunateleza kidogo pipa la kwanza. Taa hamna. Harufu ipo.

Parni kaja na akili zake. "Kwa nini Jumapili tusifungulie pampu ya kisima? Maji safi yapite mtaroni tangu asubuhi. Nani atajua?"

Nakiri nilinyamaza. Mama mkwe hakunyamaza. "Tofu yangu sijawahi kuitia maji izidi uzito, leo nikautie maji mtaro? Tena usiku ule ule nimpelekee Ngadiman uvundo? Chekecha soya hapo."

Jumamosi, 22 Februari

Imewaka. Hafifu sana, inabidi uizibe kwa viganja ndipo uione. Alikuja kuiangalia akiwa amevaa kanzu ya kuswalia. Hakutaja kunguni.

Jumapili, 23 Februari

Nataka niandike polepole leo.

Walikuja baada ya alasiri, mtaa mzima, na watoto wao, na miavuli yao. Pak Wiharto alitangulia. Alikagua mapipa, akaitazama taa, akaiinamia, akavua miwani.

"Mbona hafifu? Mwezi uliopita watu waliniambia inaonekana mpaka barabarani."

"Ni mvua, Pak," nikasema haraka. "Mafuriko yale."

"Si mvua." Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Alijipenyeza mbele, mdogo, wima, kitambaa cha kichwa kipya. "Ni mimi. Wiki iliyopita niliwachemsha. Nikawafua kwa sabuni nikawaanika. Nilidhani ni uchafu. Mtoto huyu alifanya kazi yake vizuri, mimi ndiye niliyeiharibu, na yakinuka leo ni kosa langu, si lake. Andika hivyo."

Nilifumba macho. Nilidhani ametuzika. Halafu mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ningekuwa mimi ningetia na klorini," na wanawake wote wakaangua kicheko, maana hapakuwa na hata mmoja ambaye asingefua.

Pak Wiharto hakucheka. "Tumekuja kunusa," akasema. "Na bwawa ni la Pak Ngadiman. Anuse yeye."

Tukateremka mpaka mwisho wa mtaro. Pak Ngadiman alichutama, akachota maji kwa kiganja, akayapeleka puani. Akakaa hivyo. Akachota tena. Mama mkwe alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia.

"Yananuka," akasema.

Mtu akaguna.

"Nisikilizeni kwanza. Zamani yalikuwa yananuka mzoga. Leo yananuka tope, na tope ni mwenzangu toka nizaliwe. Lakini mimi si kambare. Tuwaulize wenyewe."

Akaushika ule ubao kwa mikono miwili, akautikisa, akaung'oa. Maji yetu yakaingia bwawani kwake, ya rangi ya chai nyepesi, bila povu. Akachukua konzi ya chakula cha samaki, akaitupa pale pale yalipokuwa yanaingilia. Watoto wakasogea ukingoni. Konzi ile ikaelea, ikazunguka, ikaanza kulowa. Nilianza kusoma kila dua ninayoijua.

Kisha maji yakachemka. Kambare walipanda wote kwa pamoja, midomo wazi, mikia inapiga, wanagombania chakula ndani ya maji ya tofu mpaka wakaturushia matone usoni.

"Pikeni," akasema Pak Wiharto, akavaa miwani yake.

Bu Tumirah alikaa chini kwenye matope na nguo yake mpya ya batiki, akalia kwa sauti, kama mtoto, mikono kichwani. Nikakaa naye nikamkumbatia, tukalia wawili. Pak Ngadiman alitusimamia hapo na ubao wake mkononi.

"Tumirah," akasema, "lilia huko upande wako. Utanitilia chumvi kwenye bwawa."